Namna ya Kuuliza Habari za Kale

Ukishika njia kutoka mji wa Migori kuelekea kaskazini-magharibi, mwendo wa kilomita 46 hivi, utafika mahali penye kuta za mawe zilizosimama katikati ya vichaka. Mahali hapo huitwa Thimlich Ohinga, yaani, kwa lugha ya Kijaluo, boma lililo katika msitu wa kutisha. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 mpaka mita 4.5, na unene wake ni mita moja au zaidi. Hapana udongo wala chokaa iliyoyashikamanisha mawe hayo. Yamepangwa tu, jiwe juu ya jiwe, upande wa nje na upande wa ndani, na nafasi iliyobaki katikati ikajazwa mawe madogo. Milango yake ni mifupi, hata mtu mzima hana budi kuinama apate kuingia. Wataalamu hudhani kwamba ujenzi wake ulianza katika karne ya 16, na mwaka 2018 shirika la UNESCO liliyaandika maboma hayo katika orodha ya urithi wa dunia.

Sasa nakuuliza, msomaji: kama mwalimu wako angekupeleka pale na kukuamuru uandike historia ya mahali pale, ungeanza wapi? Mawe hayana kinywa. Waliojenga hawakuacha barua wala daftari. Ungeweza kupima kimo cha kuta, kuhesabu milango, kuchora ramani, na kuchimba ardhi kutafuta vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe na mabaki ya chuma kilichofuliwa. Kazi hiyo ni njema, nayo imefanywa na wanaakiolojia wenye ujuzi. Lakini ukimaliza kupima na kuhesabu, bado maswali makubwa yatakukabili. Kwa nini mlango ulifanywa mfupi? Nani alilala karibu na mlango na nani alilala mbali nao? Waliogopa nini usiku? Kwa nini maboma haya manne makubwa huitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch, na majina hayo yanawahusu watu gani? Maswali haya hayajibiwi kwa kipimo. Hujibiwa na watu, na kwa sababu hiyo hapana budi kujifunza namna ya kuwauliza watu.

Elimu ya kuuliza ndiyo ninayotaka kukueleza. Katika masomo ya jamii na ya elimu kuna njia mbili kubwa za uchunguzi. Ya kwanza huhesabu: huuliza ni wangapi, ni kiasi gani, ni mara ngapi. Ya pili hutafuta maana: huuliza kwa nini, kwa namna gani, na jambo hili lina maana gani kwa mtu mwenyewe aliyelitenda au aliyetendewa. Njia hii ya pili hutumia mazungumzo, kukaa pamoja na watu, kutazama kwa makini na kusikiliza simulizi. Wako wanaoidharau kwa kuwa haina tarakimu nyingi, wakidhani kwamba kuzungumza na wazee ni kazi nyepesi. Nataka uone kwamba si nyepesi hata kidogo, na kwamba bila njia hiyo sehemu kubwa ya historia yetu ingepotea.

Katika mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Oxford, alinena mbele ya wasikilizaji wake kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundisha isipokuwa historia ya Wazungu katika Afrika. Hoja iliyokuwa nyuma ya maneno hayo ilikuwa hii: pasipo maandishi hapana historia. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu katika vyuo vya siku zile, na ingalikubaliwa, mababu wa watu wa Migori na Homa Bay wangalihesabiwa kuwa watu wasio na jana.

Lakini wakati neno hilo liliponenwa, jibu lake lilikuwa limekwisha kuanza kuandikwa. Mwaka 1961 Mbelgiji Jan Vansina, aliyefanya uchunguzi wake katika Kongo na Rwanda, alitoa kitabu kilichoeleza kwamba mapokeo ya mdomo yaweza kupimwa na kuchujwa kama yapimwavyo maandishi. Na katika Nyanza yenyewe, Bethwell Allan Ogot, aliyezaliwa katika Gem mwaka 1929, alizunguka akikusanya simulizi za koo za Wajaluo. Aliwasikiliza wazee, akalinganisha habari za ukoo mmoja na za ukoo mwingine, na mwaka 1967 akatoa kitabu chake juu ya kuhama na kukaa kwa Wajaluo wa Kusini tangu mwaka 1500 mpaka mwaka 1900. Kitabu hicho kilikuwa na habari za miaka 400, na sehemu kubwa ya habari hizo ilitoka vinywani mwa watu. Ogot alifariki mwaka 2025, lakini njia aliyoifungua hufuatwa hata leo.

Wala yeye hakuwa wa kwanza kuona thamani ya maneno ya wazee katika nchi ile. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, katika Homa Bay ya leo, alitoa mwaka 1938 kitabu cha Kijaluo juu ya desturi na mwenendo wa Wajaluo. Aliona kwamba dunia ilikuwa ikigeuka upesi, na kwamba mambo aliyoyajua kila mtoto wa zamani yangekuwa mageni kwa wajukuu. Akayaandika kwa lugha ya wenye mambo. Tazama, msomaji, faida ya mtu mmoja aliyesikiliza kabla hapajakuwa usiku.

Labda utasema kwamba maandishi ni bora kuliko maneno, kwa kuwa maandishi hayabadiliki. Fikiri tena. Habari za wafalme wa Pate, zilizochapishwa na Mwingereza Stigand mwaka 1913, alizipokea kwa mdomo wa mzee Bwana Kitini. Maandishi mengi ya kale yalikuwa maneno kwanza. Na taarifa za mabwana wa wilaya wa zamani, zilizohifadhiwa katika nyaraka za serikali, mara nyingi ziliandikwa na mtu asiyejua lugha ya wenyeji, aliyesikia kwa mkalimani, na mkalimani naye alisikia kwa chifu mwenye haja zake. Basi karatasi pia ni shahidi, na kila shahidi hana budi kuhojiwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kanuni ya kwanza ni kuuliza swali lililo wazi. Ukimwambia mzee, "Je, si kweli kwamba maboma haya yalijengwa kwa hofu ya maadui?" umekwisha kumpa jibu, naye kwa adabu atakuitikia. Mgeni hapingwi nyumbani kwa watu. Lakini ukimwambia, "Mzee, nieleze namna watu walivyoishi ndani ya boma," umemfungulia mlango aingie mwenyewe. Huenda akaanza na ng'ombe, au na wake wa mwenye boma, au na chui. Pale anapoanza pana maana, kwa sababu mtu huanza na lile aliloliona kubwa.

Kanuni ya pili ni kuandika maneno kama yalivyosemwa, katika lugha ile ile iliyotumika. Kijaluo kina neno la boma la mawe na neno jingine la mahame, yaani mji uliohamwa, ambao huitwa gunda. Ukiyaandika yote mawili kwa neno moja la kigeni, umeua tofauti ambayo mwenyeji aliihifadhi kwa karne nyingi.

Kanuni ya tatu ni kuuliza wengi, tena walio mbalimbali. Mithali yetu husema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Ni mithali njema, lakini mchunguzi huongeza jambo moja: wazee gani? Zamani wazee wa kiume wa Kijaluo waliketi katika duol, kibanda cha mwenye mji, na hapo ndipo habari za vita, mipaka na ukoo ziliposimuliwa. Lakini wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee, na huko ndiko waliposikia hadithi, vitendawili na habari za nyumba walizotoka mama zao. Mchunguzi anayekwenda kwenye duol peke yake hurudi na nusu ya historia akidhani ameibeba nzima. Bibi aliyeolewa kutoka mbali hujua habari za koo mbili, ya baba yake na ya mume wake. Kwa hiyo ni shahidi mwenye thamani kubwa, na mara nyingi huachwa bila kuulizwa.

Kanuni ya nne ni kuuliza kwa nini habari hii imehifadhiwa, na nani hupata faida nayo. Hapa ndipo penye hatari, nami naomba usipite upesi. Historia ya ukoo si mapambo. Anayesema, "Babu yetu ndiye aliyefika hapa kwanza," anasema pia, "Ardhi hii ni yetu." Simulizi za Thimlich hutaja watu wa lugha za Kibantu waliotangulia, kisha hutaja Wajaluo waliokuja baadaye, wakakaa katika maboma yale yale na kuzitengeneza kuta zilipoharibika. Mpaka katikati ya karne ya 20 desturi ya kuishi katika maboma ya namna hii ilikuwa haijakoma katika nchi za ziwa. Sasa, ukisikia ukoo mmoja tu, utaandika kwamba kuta zote ni kazi yao. Mwanafunzi aliyefanya hivyo hakukosea mtihani peke yake. Ametia karatasi mkononi mwa mtu mmoja awapinge jirani zake, na karatasi hiyo yaweza kuonyeshwa barazani au mahakamani miaka 30 baada ya mwandishi kuisahau.

Kanuni ya tano ni kupima wakati. Mzee hatakuambia, "Ilikuwa mwaka 1891." Atakuambia kwamba ilikuwa wakati ng'ombe walipokwisha, nawe ukijua kwamba sotoka iliangamiza mifugo ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, umepata kigingi cha kufungia kamba. Atakuambia kwamba alizaliwa mama yake wakati reli ilipofika Kisumu, na hiyo ni 1901, au wakati Wajerumani na Waingereza walipopigana Kisii, na hiyo ni Septemba 1914. Zaidi ya hapo utahesabu vizazi, ukikadiria miaka 25 mpaka 30 kwa kila kizazi. Lakini ujihadhari, kwa sababu vizazi husahauliwa katikati. Mtu hukumbuka babu yake na babu wa babu yake, tena hukumbuka mwanzilishi wa ukoo, na waliokaa kati ya hao huanguka kama shanga zilizokatika uzi. Ndiyo maana Ogot na wenzake walilinganisha orodha nyingi za vizazi kabla ya kukadiria tarehe.

Kuna hatari nyingine iliyoletwa na vitabu vyenyewe. Mzee wa leo amekwenda shule, au wajukuu wake wamemsomea. Huenda habari anayokupa kwa sauti ya mababu aliisoma katika kitabu cha Mboya au cha Ogot. Hapo wewe utafurahi kwa kuwa mdomo umekubaliana na kitabu, kumbe kitabu kimejisemea chenyewe. Muulize kwa upole, "Neno hili ulilisikia kwa nani?" Swali hilo fupi limeokoa wachunguzi wengi.

Tena zipo habari ambazo si kweli kwa namna ya tukio, nazo ni kweli kwa namna nyingine. Karibu na Kendu Bay, katika Homa Bay, liko ziwa dogo la maji ya magadi liitwalo Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji pale. Usiku mmoja wa karamu bibi kizee mgeni alifika akiomba chakula na mahali pa kulala, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea. Bibi akamwonya mwema wake aondoke, kisha maji yakakimeza kijiji. Mwanajiolojia atakuambia kwamba ziwa lile limo katika shimo la volkano. Je, tuitupe hadithi? La. Hadithi haitupi tarehe ya ziwa, lakini yatupa sheria ya watu: kwamba kumnyima mgeni chakula ni dhambi inayoweza kuzamisha mji mzima. Mchunguzi mwenye busara huuliza kila simulizi lile iwezalo kujibu, wala hailazimishi kujibu lisilo lake.

Nitakupa mfano wa mwisho, uone namna tarakimu na simulizi zinavyohitajiana. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na katika pwani za ziwa zinazoelekeana navyo, wanakaa Wasuba. Masimulizi yao hueleza kwamba baadhi ya wahenga wao walivuka ziwa kutoka pande za Buganda na Busoga. Kwa vizazi vingi walioana na Wajaluo, wakafanya biashara nao, na wengi wao leo husema Kijaluo nyumbani. Basi karani akipita na karatasi ya maswali iliyo na swali moja, "Wasema lugha gani?" atawaandika wote Wajaluo, na hesabu yake itakuwa sahihi kabisa. Lakini ukiketi na mzee wa Mfangano umwulize jina la babu yake, na mahali alipotia mtumbwi wake nanga, utapata watu wengine, wenye njia nyingine na kumbukumbu nyingine. Henry Okello Ayot aliandika historia yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1979. Bila uchunguzi wa namna hiyo, hesabu iliyo sahihi ingewafuta watu walio hai.

Usidhani kwamba njia hii ni ya mambo ya kale tu. Tuseme shule moja ya ufukoni huona katika daftari la mahudhurio kwamba watoto wengi hukosa masomo siku zile zile za juma. Daftari limetuambia wangapi na lini. Halikutuambia sababu. Mwalimu mmoja atasema ni uvivu. Mwingine ataketi na watoto na wazazi wao, ataamka alfajiri aone mitumbwi ikirudi na dagaa wakianikwa, atasikiliza, na huenda akajua kwamba mtoto anayeitwa mvivu amekwisha kufanya kazi saa nne kabla ya kengele. Mwalimu wa kwanza ataleta fimbo. Wa pili ataleta mashauri na wazazi. Waona, basi, kwamba namna ya kuuliza hubadili jambo litakalotendwa, na anayeuliza vibaya humdhuru asiye na hatia.

Kwa sababu hiyo iko kanuni iliyo kuu kuliko zote nilizozitaja, nayo ni adabu. Omba ruhusa kabla ya kuuliza, na umweleze mwenyeji wako utayafanyia nini maneno yake. Akisema, "Hili usiliandike," lisiandikwe. Akinyamaza, usimsukume, maana kimya ni jibu pia. Ukimaliza kuandika, rudi umsomee, asahihishe. Habari zile ni mali yake kabla ya kuwa somo lako. Mtu aliyekupa historia ya ukoo wake amekupa kitu asichoweza kukinunua tena ukikiharibu.

Msomaji wangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kuta za Thimlich zimesimama kwa karne kadhaa, na kwa uangalizi mwema zitasimama karne nyingine. Huna haja ya kuwa na haraka nazo. Lakini bibi yako aliyelala katika siwindhe, au aliyemsikia mama yake akieleza habari zake, hatangoja hivyo. Likizo ijayo utakaporudi nyumbani, chukua daftari na kalamu, umsalimu kwa heshima, uketi chini, na umwombe akueleze alikotoka mama yake. Kisha nyamaza, usikilize mpaka amalize.